Waliponishika mkono nikipanda kanisa huku Kaliua

Nimehudhuria semina za wapanda makanisa, sisi tunaotumwa kuanzisha kanisa mahali ambapo halipo, mpaka nimezichoka na soda zake. Somo la kutiwa moyo huwekwa mwishoni kabisa, watu wakishaanza kuulizia nauli ya kurudi, na halibadiliki: ingia kwenye maombi, halafu shida zako usiwaambie washirika, utawavunja moyo. Kuomba naomba mpaka leo. Hilo la kuficha shida ndilo lililotaka kunimaliza.

Habari za kutumwa naziruka. Barua kwa mtendaji, kiwanja, muhtasari wa mkutano wa kijiji, mnayajua. Nilipewa baraka, mabenchi machache, turubai lenye viraka na ahadi ya posho. Posho ilikuja ilipojisikia. Kijiji chenyewe kiko ndani kutoka Kaliua mjini, mkoani Tabora, nchi ya tumbaku, na mtandao unashika mahali pamoja tu, juu ya kichuguu nyuma ya mashine ya kusaga.

Kichuguu hicho ndicho kilikuwa ofisi yangu ya kutafutia faraja. Ndugu mmoja tuliyekuwa naye semina alianzisha kundi la WhatsApp la wapanda makanisa ili tutiane moyo. Mwanzoni kila mtu alijitambulisha: huyu yuko Usinge, yule Nguruka, mwingine Sikonge. Nikasema hapa sasa nimefika nyumbani. Jioni namaliza palizi, napanda kichuguu, siafu wananipanda mimi, nainua simu juu kama Musa vitani, ila Haruni na Huri wa kunishikia mkono hawapo. Meseji zinaingia kwa mkupuo. Mikono ya kuomba imepangwa safu safu. Picha ya waridi, "Asubuhi njema mtumishi," nayo saa hiyo ni saa moja usiku. Video ya nabii wa nchi za mbali inamaliza bando lote kabla hajasema alichotabiri.

Siku moja nikajikaza nikaandika ukweli, kwamba Jumapili ile waliokuja ibadani wangetosha kwenye bodaboda moja, tena na mwanangu mmoja akiwemo. Wa kwanza akajibu "Amina." Wa pili akajibu "Pokea!" Nilikaa pale juu nikijiuliza napokea nini, maana hali yenyewe nilikuwa nayo tayari. Wa tatu akaona ndiyo nafasi nzuri ya kutujulisha kwamba kwake uwanja ulijaa. Baada ya hapo akaingia mtu anauza dawa za kupunguza kitambi, kwa watumishi ambao kitambi ndicho wanachokiombea. Kundi lipo mpaka leo. Nimelinyamazisha.

Aliyeniinua hakuwa hata wa dhehebu letu, na najua hapa kuna watakaonuna. Ni mzee mmoja wa Moravian, mwinjilisti mstaafu, mfugaji wa nyuki. Alisikia ngoma yetu akaja kusalimia, mwangaluka, akakaa kwenye benchi, akaniuliza nina muda gani pale. Nikamwambia mwaka haujafika. Akacheka mpaka akakohoa.

Akaanza kunihadithia ya Urambo, jirani zetu hapa. Wamisionari Waingereza wa London Missionary Society walifika kwa Mtemi Mirambo mwishoni mwa miaka ya 1870. Wakamzika daktari wao huko huko. Mirambo mwenyewe akafa mwaka 1884, wao bado wapo, wanalima na kufundisha, waliobadilika ni haba. Mwaka 1898 kazi wakawaachia Wamoravian. "Sasa hesabu makanisa yetu toka Urambo mpaka Sikonge," akasema. "Wewe umekuja juzi na turubai, mwanangu, unamlilia nani?"

Kwa maneno makavu kama hayo nililala usingizi ambao waridi za WhatsApp hazikuwahi kunipa. Akawa anakuja kila Alhamisi, tunaombeana kwa zamu, mara nyingine ana chupa ya asali. Viongozi wangu walipouliza kulikoni na Moravian, niliwajibu kwamba ndiye aliyekuja.

Mzee huyohuyo ndiye aliyenifungua macho kuhusu mahudhurio. Kuanzia Februari watu walikuwa wanayeyuka. Nilikwisha kuambiwa na watu wa mjini kwamba wa huku wana mioyo migumu. Mzee akasema hawana mioyo migumu, wana moto. Kwa asiyejua tumbaku ya mvuke: majani yakishatundikwa ndani ya bani, yaani kibanda cha kukaushia, moto unawashwa na haulali, usiku na mchana, karibu wiki nzima. Kwanza joto la chini jani ligeuke njano, kisha unapandisha taratibu. Ukisinzia moto ukafa, au ukaupandisha kwa pupa, jasho la msimu mzima limeharibika. Mtu wa namna hiyo unamwambiaje akeshe kanisani?

Basi nikachukua tochi nikawafuata. Usiku huu bani la huyu, kesho la yule. Sikubeba hata Biblia kubwa, ile ndogo ya mfukoni inatosha. Unasukuma gogo ndani ya tanuru, unachungulia kipimajoto, mnatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, na mazungumzo yanakuja yenyewe. Mahubiri hayahitajiki pale; ukihubiri saa nane za usiku mtu anakimbilia kuni. Lakini mwanamume ambaye mchana hata salamu yangu alikuwa anaikwepa, usiku ule aliniuliza, "Mchungaji, wewe sisi unatuchunga. Wewe nani anakuchunga?"

Semina ilinitaka niseme Bwana ndiye mchungaji wangu, basi. Mimi nikamwambia yote. Posho, paa la nyumba linalovuja, mke wangu alivyochoka, mtoto aliyerudishwa kwa ajili ya michango. Alinisikiliza, akaongeza gogo, hakusema neno. Jumamosi ile nikashtuka kuona watu uani na mizigo ya nyasi, na yeye ndiye aliyekuwa juu ya paa anaezeka. Jumapili alikuja na nyumba yake nzima. Walinong'onezana mabanini kwamba kumbe mchungaji naye ni mtu, na hakuna aliyevunjika moyo.

(Atakayeniuliza kuhusu tumbaku: mimi sivuti. Lakini sare za watoto wa washirika wangu zinatoka kwenye lile jani, na sadaka vilevile. Mjadala huo tuupange siku nyingine.)

Hapo ndipo nikabadilisha na barua zangu kwa kanisa mama. Zamani niliandika "tunahitaji maombi na msaada wenu wa hali na mali," nikajibiwa "tuko pamoja." Someni 2 Timotheo 4. Paulo yuko kifungoni na hataji hali na mali hata kidogo. Anataka joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi, na Marko aletwe. Anataja mtu, kitu na mahali kilipo. Nikaandika hivyo hivyo, kila mtu barua yake. Kwa mama mmoja wa kwaya: misumari ya bati. Kwa kijana fundi: mikono yako siku mbili, chakula juu yetu. Kwa mwalimu wa shule ya Jumapili: njoo ulale kwetu Jumamosi moja tu. Misumari ilikuja kwa basi, imefungwa pamoja na dagaa ambao sikuwaomba. Fundi alikuja akanogewa, akakaa mpaka kenchi za paa la kanisa zikasimama. Ufundi wake ungenila laki kadhaa. Na yule mwalimu alilala kwenye mkeka, akanyeshewa usiku, akarudi mjini akasimama mbele ya kanisa akaeleza. Mabati yalianza kuja baada ya hapo, sikuwa nimeyaomba.

Na mama mchungaji msimsahau. Mimi nilikuwa na mzee wa nyuki, yeye alikuwa na foleni ya watu wanaomletea matatizo yao. Akajiunga na VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ya kina mama wa kijijini, Waislamu kwa Wakristo. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia ni aibu mke wa mchungaji kukopa. Nilimjibu kwamba siku ya kikao cha VICOBA ndiyo siku ninayomsikia mke wangu akirudi anacheka, na mtaji wa maandazi umetoka huko, na hayo maandazi yeye mzee anayala.

Sasa nimealikwa kufundisha kwenye semina, somo ni namna ya kumtia moyo mpanda kanisa. Barua inasema nauli kila mtumishi atajitegemea. Nimewaandikia nitafika, ila watulipie wawili, mimi na mwinjilisti wangu wa Moravian, maana Luka 10 Yesu aliwatuma wawili wawili. Wamesema suala hilo litapelekwa kwenye kikao.