Nilivyofanya utafiti wa nyanya katika ardhi ya tumbaku, Tabora

Nilipopangiwa kazi Tabora baada ya kumaliza masomo yangu ya sayansi ya mimea katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, karibu kila aliyenipongeza alinipa na pole. Niliambiwa kwamba mtafiti wa mboga anatakiwa kuwa Arusha, ambako Kituo cha Mboga cha Dunia kina kituo chake cha kikanda tangu 1992, au Lushoto, au Iringa. Tabora ni nchi ya tumbaku, asali na mpunga, na mtu wa mboga atazeekea huko bila kuandika makala hata moja. Mkubwa mmoja kazini alinishauri, kwa nia njema kabisa, niombe uhamisho kabla sijazoea. Ushauri ule uliniudhi na unaniudhi mpaka leo, kwa sababu vijana bado wanapewa, nami ninaandika haya hasa kwa ajili yao.

Mada yangu ya utafiti nilipewa na mama mmoja wa Uyui aliyekuwa akilima nyanya za kiangazi pembezoni mwa bonde, mahali ambapo mumewe alikuwa amelima tumbaku kwa miaka mingi. Nyanya zake zilistawi vizuri mpaka zilipoanza kufunga matunda, kisha zikaanza kunyauka mchana na kuamka jioni, na baada ya siku chache haziamki tena. Duka la pembejeo lilimuuzia dawa ya ukungu msimu baada ya msimu. "Bibi shamba," aliniambia, "dawa nimepiga mpaka mgongo unauma, lakini ugonjwa huu hauna adabu."

Tuling'oa shina moja taratibu, tukilegeza udongo kwanza ili mizizi isikatike. Mizizi midogo ilikuwa imevimba vifundo vilivyopangana kama shanga kwenye uzi, na mizizi myembamba ya kunyonyea maji haikuwepo tena. Kisha nilikata kipande cha shina karibu na ardhi, nikakishikilia ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Muda si mrefu nyuzi nyembamba nyeupe zikaanza kushuka kutoka kwenye mkato hadi chini ya glasi. Yule mama aliziona kabla sijamwonyesha. Vifundo ni kazi ya minyoo fundo, wale wa jenasi ya Meloidogyne. Nyuzi ni bakteria wa mnyauko, Ralstonia solanacearum, wakimiminika kutoka kwenye mishipa ya maji ya mmea. Dawa ya ukungu haimgusi yeyote kati yao, na fedha yote aliyotoa dukani ilikuwa imepotea bure.

Sababu ya maadui hawa wawili kukutana shamba moja inaeleweka vizuri. Tumbaku na nyanya ni za familia moja, Solanaceae, pamoja na bilinganya, pilipili na viazi mviringo. Minyoo fundo jike mmoja hutaga mayai kwa mamia, kizazi kizima hukamilika katika muda wa kama mwezi mmoja udongo ukiwa na joto, na udongo wa kichanga wa miombo huwapa njia rahisi ya kutembea. Majeraha wanayoyafanya kwenye mizizi ndiyo malango ya bakteria. Wazee wa Urambo wanaujua ule Mpango wa Karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 na ukafa mapema miaka ya 1950, kisha tumbaku ikashika nafasi. Huwa ninawakumbusha wakulima habari hiyo kwa jambo moja: karanga, kwa kawaida, haziwalishi wale minyoo wanaopatikana zaidi kwenye tumbaku, wala marejea, ule mmea wa jamii ya kunde unaopandwa kurutubisha udongo, haiwalishi. Kwa hiyo mwenye eka kadhaa ninamwambia bila kusita azungushe tumbaku na karanga au marejea, na nyanya aziweke mbali na mzunguko huo. Lakini mwanamke mwenye kipande cha robo eka kando ya kisima, ambacho ndicho kinamlipia ada za watoto, huwezi kumwambia akipumzishe miaka miwili.

Ushauri wa kwanza niliopewa kazini kuhusu ugonjwa huu ulikuwa nilete mbegu yenye ukinzani dhidi ya minyoo fundo, nipime mavuno, nichapishe, nimalize. Huo ni ushauri wa mtu anayesoma kijaruba cha mbegu bila kushika udongo. Ukinzani huo katika nyanya hutokana na jeni iitwayo Mi, iliyopatikana kwa nyanya pori wa Amerika ya Kusini, na jeni hiyo hulegea joto la udongo linapopita nyuzi 28. Nilikuwa nimelisoma hilo chuoni, nikalitaja kwenye kikao, nikaambiwa ni mambo ya vitabu. Tulipanda. Niliomba kipimajoto cha udongo, nikakifukia kwenye kina cha mizizi, nikawa ninasoma kila alasiri. Julai yote mistari ilipendeza, na wageni waliletwa kupiga picha. Septemba joto likapanda, na ilipofika Oktoba udongo usiokuwa na matandazo ulikuwa unavuka nyuzi 28 mapema mchana na kubaki huko kwa saa nyingi. Tulipong'oa, mizizi ya ile mbegu kinzani ilikuwa na vifundo vilevile, na bakteria hawakuwa wamezuiwa na chochote tangu mwanzo, kwa kuwa Mi haihusiani nao. Matokeo hayo niliyaandika yote, pamoja na safu ya joto la udongo, na makala hiyo ndiyo iliyonifungulia milango, kwa sababu wahakiki waliona takwimu za mahali penye joto halisi la mkulima. Mbegu ile ingefanyiwa majaribio mahali pa baridi ingesifiwa na kuuzwa hadi Tabora. Wapo pia walioniuliza kwa nini nisifukize udongo kwa methyl bromide kama vitalu vya tumbaku vya Malawi na Zimbabwe vilivyofanya zamani. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na nchi zinazoendelea zilitakiwa kuiacha ifikapo 2015 chini ya Itifaki ya Montreal.

Nilichokiamini ni kubebesha: kuunganisha kikonyo cha nyanya, yaani kipande chake cha juu, juu ya mche wa bilinganya wenye mizizi. Kituo cha Mboga cha Dunia kimekuwa kikipendekeza bilinganya EG203 kwa kazi hiyo, kwa sababu mizizi yake huhimili mnyauko bakteria, minyoo fundo na hata maji kutuama. Bilinganya huchelewa kukua, kwa hiyo huoteshwa siku kadhaa mbele ili mashina yalingane unene. Unakata yote mawili mshazari kwa wembe mpya, unaunganisha, unashika kwa kibano. Vibano vya kuagiza nje vilikuwa ghali na vilichelewa, nasi tulikata mrija mpya wa dripu kutoka duka la dawa vipande vifupi, tukaupasua ubavuni. Mrija mmoja ulitosha miche mingi, kwa bei ya soda mbili tatu.

Ugumu upo baada ya hapo. Mche uliobebeshwa hauna maji yanayopanda mpaka mishipa ishikane, hivyo unahitaji giza kwa siku kama tatu, unyevu mwingi sana hewani, na joto lisilopanda wala kushuka ghafla. Vyumba vya kuponyeshea miche vinavyoelezwa kwenye miongozo ni vya nailoni na vivuli vya wavu. Kwa jua la Tabora la kiangazi chumba cha nailoni kinachemka saa sita, na alfajiri ya Juni kinapoa kupita kiasi. Kundi letu la mwanzo lilikauka lote.

Hapo ndipo nilipotazama mabani. Bani la kukaushia tumbaku lina kuta nene za udongo, mlango mmoja, halina dirisha la maana, na baada ya tumbaku kwenda sokoni hukaa tupu kiangazi kizima, msimu uleule wa nyanya. Kuta zile zinashika joto usiku na kulizuia mchana. Tulimwaga maji sakafuni, tukatandika viroba vilivyolowa, tukaweka miche kwenye chaga chini ya kifuniko cha nailoni, mlango ukafungwa. Kipimajoto kilipanda na kushuka kidogo tu kati ya mchana na usiku. Nilipofunua siku ya nne majani yalikuwa yamesimama, na nilipiga kelele za furaha mpaka majirani wakaja. Sijaona chumba cha nailoni kinacholishinda bani kwa kazi hii, na ninalisema hilo kwa kujivuna.

Lakini bani lina hatari yake, na mtu asinakili nusu ya habari. Kirusi cha batobato la tumbaku huishi miaka mingi kwenye majani makavu na vumbi lake, na huingia kwenye nyanya kwa mikono na wembe. Tulikwangua sakafu na kuta, tukapaka chokaa mpya, tukachoma mabaki yote. Anayevuta sigara au ugoro alinawa kwa sabuni, kisha akachovya mikono na wembe katika maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji, kwa sababu protini ya maziwa hukizuia kirusi hicho. Wazee walishangaa, kisha wakawa wakali kuliko mimi: aliyegusa miche bila kuchovya alitolewa nje.

Kwenye shamba la majaribio palitokea mgogoro. Nilihitaji mistari ya nyanya za kawaida, mistari ya nyanya iliyobebeshwa juu ya nyanya, na ile ya bilinganya, yote kwa marudio manne yaliyopangwa kwa nasibu, ili ijulikane kama faida inatoka kwenye mizizi ya bilinganya au kwenye kule kubebesha tu. Mzee mwenye shamba aliuliza, "Mwanangu, unapanda nyingine ili zife?" Nilimwamkia upya, nikakaa, nikamweleza kwamba bila zile za kufa hakuna atakayeamini zile za kupona, na tukakubaliana kwamba mradi utamfidia mavuno ya mistari hiyo. Andikeni fidia hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo. Wafadhili hawaikatai ukieleza.

Mistari isiyo ya bilinganya ilinyauka sehemu kubwa kabla ya mchumo wa pili. Ile ya bilinganya iliendelea kuchumwa. Palipotokea hasara, mara nyingi ni kwa sababu mpaliliaji alikusanyia udongo shinani kama alivyozoea, ukafunika kiungo, nyanya ikatoa mizizi yake yenyewe na ugonjwa ukapita hapo. Kiungo kibaki juu ya ardhi, na machipukizi ya bilinganya chini yake yaondolewe. Wala mtu asitegemee kubebesha kumwondolee kantangaze, yule kiwavi wa nyanya aliyeripotiwa nchini mwaka 2014. Huyo anakula majani na matunda, na mizizi haimhusu.

Yule mama wa Uyui sasa anauza miche iliyobebeshwa, kwa bei ya juu kuliko miche ya kawaida, na wanunuzi humfuata. EG203 si chotara, kwa hiyo huacha mashina machache ya bilinganya yazae, anayaacha matunda yaive hadi yawe manjano na kulainika, anakamua, anaosha na kuanika kivulini mbegu za msimu ujao. Msimu huu tunajaribu nyanya chungu kama mche wa chini, kwa kuwa mbegu yake kila kaya inayo, kwa mpangilio uleule wa marudio manne, na mistari ya kulinganisha ikiwa ndani.