Kabla fundi hajagusa ukuta: nyumba ya urithi kuwa apatimenti tatu

Alama ya X iliyochorwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba ya marehemu baba, pale Sinza, ilikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na chini yake palikuwa na maneno mawili: SIMAMISHA UJENZI. Fundi alikuwa ameshabomoa ukuta kati ya sebule na chumba cha wageni. Mimi ndiye niliyemwambia aanze, nikiamini kwamba mtu anayegawa nyumba yake kwa ndani, bila kuongeza hata tofali moja nje, hahitaji kibali. Nilikosea, na ninawaona wengi tuliorithi nyumba za vitongoji vya zamani vya Dar es Salaam tukirudia kosa hilohilo.

Sinza, kama Kijitonyama na Mikocheni, ilipimwa miaka ya 1970 katika mradi wa kuwapatia wananchi viwanja na huduma. Kwa hiyo, anayetaka kupangisha aanze kwa kuisoma hati yake ya kiwanja, hasa sharti la matumizi. Familia tatu zinazolipa pango bado ni makazi, lakini kanuni za mipango miji hutofautisha nyumba ya familia moja na jengo la apatimenti. Kama matumizi yaliyoandikwa hayaruhusu, inabidi kuomba yabadilishwe chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na majirani nao wana haki ya kusikilizwa.

Hati yetu ilikuwa bado kwa jina la baba, na marehemu haombi kibali. Tulikaa kikao cha ukoo, tukapendekeza msimamizi wa mirathi, mahakama ikamteua, ndipo jina lake likaandikishwa kwa Msajili wa Hati. Dada yangu alikataa kutia sahihi mpaka iandikwe nani atapokea pango la apatimenti ipi. Wakati ule niliona ananichelewesha, leo namshukuru.

Maombi ya kibali cha ujenzi huambatanishwa na michoro ya mbunifu majengo aliyesajiliwa na ya mhandisi, nakala ya hati, na risiti za kodi ya ardhi. Nilidhani michoro ni karatasi za kukamilisha faili. Mhandisi alipopanda darini akaona kwamba ukuta tulioubomoa ndio uliokuwa umebeba kenchi mbili, na tayari mbao zilikuwa zimeanza kushuka. Siku hiyohiyo aliagiza nguzo za muda zisimamishwe, na baadaye boriti ya zege ikachukua nafasi ya ukuta.

Afisa afya naye hakuuliza habari za vyumba. Aliuliza karo liko wapi. Tulipofunua mfuniko, maji taka yalikuwa yamebakiza shubiri moja kufika juu, na hapo nyumba ilikuwa na watu wanne tu, wakati mchoro wetu ulionyesha vyoo vitatu na majiko matatu. Tulilazimika kuchimba karo jipya pamoja na shimo la kunyonyea maji, mahali ambapo nilikuwa nimepanga pawe maegesho ya magari. Niliumia kwa sababu ya gharama, lakini nikikumbuka mvua za masika na watoto wa jirani wanaocheza kwenye uchochoro ule, sioni namna ningeweza kupinga.

Mambo ya zimamoto yalikwenda upesi: mlango wa pili wa kutokea, mitungi ya kuzimia moto, na nondo za madirisha zinazofunguka kwa ndani. Mita za umeme wa LUKU, wa kulipia kabla, zilifungwa tatu, kila mpangaji na yake.

Tangu siku ya X mpaka mpangaji wa kwanza alipoingiza godoro lake ilipita miezi 11, na kati ya hiyo, mafundi walifanya kazi miezi 3 tu.