Chakula cha anayeshika usukani

Ninapopanga chakula cha safari ndefu ya gari, wa kwanza kumfikiria ni dereva. Abiria akishiba kupita kiasi atalala, na hakuna ubaya. Dereva akisinzia, sote tumo hatarini. Mimi na mume wangu hupokezana usukani. Nyuma hukaa mama yangu, ambaye ana presha, pamoja na watoto. Kila mmoja ana mahitaji yake, lakini chakula kinatoka boksi moja.

Kati ya saa nane na saa kumi mchana mwili hulegea wenyewe, hata kama hujala. Ukiongeza juu yake sinia la wanga na mafuta, macho yanakuwa mazito. Ndiyo maana chakula chetu cha mchana huwa kidogo na cha mapema: mayai ya kuchemsha au kuku wa kuoka, karoti, tango, mkate wa ngano isiyokobolewa, na tunda. Tunakula gari likiwa limesimama. Dereva kula huku anaendesha sikubali, hata ndizi.

Kazi kubwa ni kutunza baridi. Bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi joto 5 na 60, hivyo nyama au mayai yaliyopikwa hayafai kukaa nje zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, ni saa moja tu. Na gari lililoegeshwa juani hupita kiwango hicho upesi sana. Kuku namwoka siku ya kuamkia safari. Akipoa kidogo namchambua vipande vyembamba, namtandaza kwenye chombo kipana ili apoe haraka, kisha anaingia kwenye friji mpaka asubuhi. Anatoka pale tunapofunga mlango kuondoka. Mayai yanabaki na maganda yake mpaka dakika ya kuliwa, na tango halikatwi nyumbani, maana likikatwa mapema linachuja maji na kulowesha kila kitu.

Badala ya mapande ya barafu nagandisha chupa za maji ya kunywa. Zinapoza chakula, na zikiyeyuka tunakunywa. Maji mengine yana boksi lake, kwa sababu watoto hulifungua kila mara, na kila kufungua ni kuingiza joto. Boksi la chakula nalipakia mpaka lijae, naliweka ndani ya gari kwenye kivuli, siyo kwenye buti.

Kwa mama, adui ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, na krispi, soseji na karanga za paketi huimaliza hiyo haraka mno. Karanga nazikaanga mwenyewe kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, nikigeuza bila kuacha mpaka maganda yaanze kupasuka. Sitii chumvi. Nanyunyizia ndimu, na mama anazipenda kuliko za dukani. Mtoto wa chini ya miaka mitano, hata hivyo, asipewe karanga nzima, sembuse ndani ya gari linalokwenda: akipaliwa, mpaka mpate pa kusimama ni muda mrefu.

Wapo wanaojinyima maji ili wasisumbue wenzao kwa kuomba kusimama. Jambo hili linaniuma, hasa kwa wazee, ambao ndio wenye haya zaidi. Kwetu gari linasimama kila baada ya saa mbili, mtu aombe asiombe. Wanakwenda msalani, wananyoosha miguu, damu inatembea. (Aliyeambiwa na daktari apunguze maji, afuate la daktari.)

Soda hatubebi. Kopo la mililita 330 lina takriban gramu 35 za sukari, wakati Shirika hilohilo linasema ni vyema zaidi mtu mzima abaki chini ya gramu 25 hivi kwa siku nzima. Juisi nayo ina sukari nyingi. Bora chungwa lenyewe. Kahawa inamsaidia dereva, ila nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kikombe cha mwisho kwetu ni adhuhuri. Na kahawa haizibi pengo la usingizi. Aliyechoka aegeshe, alale.

Watoto wakichoka kukaa hudai njaa. Kila mmoja ana kibakuli chake. Kikiisha, anasubiri kituo kinachofuata.

Siku ya pili, akiba ikipungua, tunanunua chakula kilichopikwa wakati huohuo na kinachotoka moshi, pamoja na matunda ya kumenya. Jioni nafungua boksi na kugusa chupa. Kama barafu yote imeyeyuka na maji yamepata vuguvugu, kuku aliyebaki namtupa, hata akiwa nusu nzima.