Jabia la shule, na kura ya dada yangu Vermont

Dada yangu mkubwa alinipigia simu mwezi wa Machi, ndiyo kwanza ametoka kupiga kura. Nikamuuliza, kura gani tena, rais si mmeshachagua? "Bajeti ya shule, mdogo wangu."

Ameolewa huko Vermont, Marekani, mji mdogo wa ng'ombe na theluji, na uraia keshapata. Jumanne ya kwanza ya Machi ndiyo siku ya mkutano wa miji jimbo zima. Kwao bajeti husomwa ukumbini, anayetaka kuuliza anauliza, kisha watu wanaamua. Mwaka huu walibishana juu ya paa na basi la watoto.

Kule kuna wilaya za shule, karibu 13,000 nchi nzima, na kazi yake ni shule tu. Nyingine ina shule moja na watoto wachache. Bodi kwa kawaida huchaguliwa na wenyeji, na wilaya yenyewe ndiyo inayoajiri walimu. Mwaka 1940 zilikuwa zaidi ya 117,000. Zimeunganishwa na kuunganishwa, na hata leo vijiji vinahofia shule zao kufungwa.

Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule ya msingi kijijini kwetu, hapa kisiwani Lamu, Kenya. Maji ya visima vyetu yana chumvi, kwa hivyo shule inategemea jabia, yaani birika kubwa la kukusanyia maji ya mvua. Tangu kusi ya mwaka jana lina ufa. Umeanzia pembe ya chini, kidole gumba kinaingia, na ukiinama unasikia maji yakipotea mchangani. Watoto wanakuja na mkoba begani na dumu la lita tano mkononi, hata wa darasa la kwanza. Tumeandika barua tatu. Ofisi moja ikasema serikali ya kaunti inashughulikia chekechea tu, nendeni kwingine. Huko kwingine tukaambiwa tungoje. Fedha za serikali ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, nazo huja kwa mafungu. Sisi tuna watoto 112. Piga hesabu, utoe vitabu na chaki, uone kama saruji inabaki. Na mwalimu wa hesabu alipohamishwa, bodi ilipata habari siku anafunga mizigo.

Nikamwambia dada, laiti tungekuwa na kura kama yenu. Akanizuia. Sehemu kubwa ya Marekani, fungu zito la fedha za shule hutoka kwenye kodi ya nyumba na ardhi za hapo hapo, basi mji wa matajiri una shule ya kitajiri. Mwaka 1973 kesi ya wazazi wa San Antonio, Texas, waliolalamikia tofauti hiyo, ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, wakashindwa. Vermont wenyewe walibadilika baada ya mahakama ya jimbo kuamua, mwaka 1997, kwamba mtoto wa mji maskini ana haki sawa. Sasa kodi hiyo inakusanywa kwa ajili ya jimbo zima, na bajeti bado wanaipigia kura wao.

Hapo nilinyamaza kidogo. Niliwaza Shela na majumba yake ya wageni, nikawaza Kiwayu, kisiwa cha wavuvi. Kila mmoja akila kodi yake, mtoto wa Kiwayu atasomea wapi? Ninachotaka mimi ni mfuko mmoja, lakini tunaokunywa maji ya jabia tuulizwe.

Jumamosi tumeitana shuleni baada ya alasiri, wazazi wote. Fundi amesema mifuko minne ya saruji itatosha. Miwili imeshapatikana.