Magurudumu ya mbele yaliyogoma Njiru

Jumapili ya kwanza kigari changu kilipogoma kupanda, nililaumu jiwe. Ya pili nikalaumu betri. Ya tatu nikaanza kutoa pesa mfukoni, na hapo ndipo nilipokosea.

Kigari chenyewe ni cha rimoti, cha kupanda mawe, kipimo cha moja kwa kumi, urefu wake karibu dhiraa. Nilikinunua kikiwa kimetumika kwa kijana aliyekuwa akihama mtaa. Hakina mbio, ukitembea polepole unakipita. Kazi yake ni kupanda tu. Huwa nakipeleka Njiru, kwenye machimbo ya mawe yasiyotumika tena, asubuhi kabla jua halijakaza. Sasa kikifika penye mwinuko mkali, magurudumu ya mbele yalikuwa yanasimama tuli huku ya nyuma yakichimba changarawe. Nikikiinua hewani na kubonyeza rimoti, yote manne yanazunguka kama kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo ya hewani ilinipotosha mwezi mzima.

Nilibadilisha mota. Hali ikawa ile ile. Nikaigeukia klachi, ambayo ni sahani na springi zilizowekwa makusudi ziteleze kidogo kigari kikibanwa, meno ya gia yasivunjike. Niliikaza mpaka springi ikalala. Magurudumu ya mbele yakaendelea kugoma, ila ya nyuma sasa yalikuwa na nguvu ya kukipindua kigari chali. Ningetulia kidogo ningejua kwamba mota na klachi zinalisha mbele na nyuma kwa pamoja, kwa hiyo kama nyuma inavuta, ugonjwa uko mbele ya pale njia zinapoachana. Lakini kununua mota mpya kuna raha yake kuliko kukaa chini na kufikiri.

Jirani yangu wa chini ni fundi wa matatu. Jioni moja alinikuta kwenye ngazi na kigari mapajani.

"Habari ya jioni, mzee."

"Njema, kijana wangu. Hicho kimekufa wapi?"

Nikamweleza, nikamwonyesha kinavyozunguka vizuri hewani. Akatikisa kichwa. "Gari lililo juu ya jeki halisemi ukweli. Lipe mzigo."

Akazungusha gurudumu moja la mbele kwa kidole. La pili likafuata, upande ule ule. Akashtuka. Kwenye gari analolijua yeye, propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi ekseli) ikiwa haisogei, ukizungusha gurudumu moja lenzake hurudi kinyume. "Difu imefungwa hii?" Nikamwambia difu, yaani gia zinazoyaacha magurudumu ya kushoto na kulia yazunguke kwa kasi tofauti, imefungwa siku zote, mbele na nyuma, ndivyo vigari hivi vinavyotengenezwa. "Basi hafushafti zako, hizi zinazoshika kila gurudumu, ni nzima. Rudi nyuma ya hapo."

Akashika magurudumu mawili ya mbele kwa viganja vyake, akaniambia nibonyeze kidogo kidogo. Kigari hiki hakina difu ya katikati, kwa hiyo mbele ikishikwa na nyuma ilipaswa kusimama. Haikusimama. Magurudumu ya nyuma yaliendelea kuzunguka taratibu, bila kelele, bila harufu. Kuna kitu kilikuwa kinateleza kati ya giaboksi na ekseli ya mbele, ila propela ni nyeusi na kikombe chake ni cheusi. Macho hayaoni kitu.

Nikamwomba dada yangu rangi ya kucha, nyekundu. "Sasa gari nalo linaenda harusi?" Nikachora mstari mmoja mwembamba kila mwisho wa propela, unaoanzia kwenye kikombe na kuvuka hadi kwenye shafti ya chuma inayoingia ndani yake. Nikaacha ukauke, tukarudia jaribio. Mstari wa upande wa ekseli ulikuwa mzima. Wa upande wa giaboksi ulikuwa umekatika, nusu yake juu ya shafti, nusu nyingine imehamia karibu robo ya duara.

Kinachoshika hapo ni skrubu moja isiyo na kichwa, unene wa milimita 3, inayobana sehemu bapa ya shafti. Niliposhika alenki yangu, ule ufunguo wa pembe sita, ya milimita 1.5 kuikaza, nikaiona ncha yake kwenye mwanga kwa mara ya kwanza: pembe zake zote zilikuwa zimeviringika. Mwezi wote huo nilikuwa nahisi skrubu imekaza, kumbe ni alenki inayoteleza ndani yake. Mzee alichukua jiwe lake la kunolea, akasaga ncha kama milimita 2 hivi hadi pembe kali zikatokea upya. Hata hivyo skrubu ilikataa kutoka, maana mwenye kigari wa kwanza aliitia supaglu. Nikaibana na ncha ya chuma cha kulehemu kikiwa cha moto, nusu dakika, gundi ikalegea. Shafti ilikuwa imelika: badala ya sehemu bapa kulikuwa na mfereji uliozunguka pande zote. Hewani mfereji ule unatosha kuzungusha gurudumu. Kwenye jiwe hautoshi.

Kutafuta skrubu mpya kulinipeleka Grogan kwanza, kwenye vipuri vya magari. Muuzaji akauliza, "Ya gari gani?" Nikaiweka kwenye kiganja chake, ndogo kuliko punje ya mchele. Alicheka mpaka akaita wenzake. Niliipata Luthuli, kwenye duka la vifaa vya elektroniki. Nikarudishia shafti ubapa wake kwa tupa, nikafuta grisi yote kwa spiriti, maana gundi haishiki penye mafuta, nikatia tone moja la ile gundi ya buluu ya nyuzi za skrubu na kuiacha hadi asubuhi. Gundi hiyo ni ya chuma kwa chuma. Ikigusa baadhi ya plastiki inazipasua.

Njiru tena. Mbele ikavuta! Halafu, katikati ya jiwe lile lile: tak, tak, tak.

Safari hii sikukimbilia duka. Klachi ikiteleza hulia kwa mvumo. Skrubu ikiteleza haisemi kitu. Tak-tak ni meno yanayorukana. Nilifungua ekseli ya mbele nikahesabu: krauni, ile gia kubwa, ina meno 30, pinioni, gia ndogo inayoisukuma, 8, yaani pale nguvu inazidishwa mara 3.75, na krauni ilikuwa inachezacheza ubavuni nikiisukuma kwa kidole gumba. Halafu nikakumbuka ile klachi niliyoikaza mpaka mwisho. Nilikuwa nimekinyang'anya kigari kitu pekee ambacho kingelegeza kabla ya meno.

Nilikata washa nyembamba, vile vipete vya kujazia nafasi, kutoka kwenye kopo la soda kwa mkasi, nikaziweka kati ya beringi na kasha la ekseli, upande unaoisogeza krauni kwenye pinioni. Hapo hakuna kinachozunguka juu yake, kwa hiyo haziliki. Moja haikutosha. Kwa tatu gurudumu likawa zito, linakwaruza ukilizungusha kwa mkono. Mbili zikakaa sawa. Grisi nene, kufunga, klachi kuilegeza mpaka iteleze kidogo kigari kikibanwa kabisa.

Mistari ya rangi sijaifuta. Naikagua kabla ya kutoka nyumbani, na tangu hapo haijakatika. Ile mota ya zamani niliiunga kwenye betri juzi, nione tu. Ni nzima.