Nilivyokinadi kitabu cha kuteleza kwenye barafu kwa watu waliouona mchezo kwenye televisheni

Kitabu changu hakifundishi mtu kuteleza. Kinaeleza jinsi televisheni ilivyouchukua mchezo wa kuteleza kwa madoido na kuufikisha sebuleni. Mwanzoni nilikipeleka kwa vilabu vya wachezaji, na hilo lilikuwa kosa la hesabu: wanaovaa viatu vya barafu ni wachache, waliokaa kwenye kochi wakitazama ni mamilioni. Nilipogeukia wa kochi, kila kitu kilibadilika, kuanzia tarehe ya kutoa kitabu hadi maneno ya barua kwa wahariri.

Kalenda ndiyo inayoamua. Mashindano ya Grand Prix huanza Oktoba na kumalizika Desemba, Januari huwa na ubingwa wa Ulaya na wa Marekani, na Machi ubingwa wa dunia. Kila mwaka wa nne Olimpiki huingia Februari. Wengi hudhani Februari hiyo ndiyo ya kuzindua kitabu, kumbe meza za michezo magazetini zimefurika matokeo na hakuna anayesoma barua yako. Mimi nilikitoa Oktoba, na nakala za wahakiki ziliondoka miezi minne kabla, kwa kuwa majarida hufunga kurasa zao mapema. Nakala hizo ziwe na jalada kamili na tarehe ya kutoka imechapwa juu yake, la sivyo mhakiki hatajua aiweke wapi kwenye foleni yake.

Barua usimpelekee mhariri wa michezo peke yake. Huyo atakuuliza nani kashinda jana. Mhariri wa burudani na televisheni ndiye atakayeuliza mchezo ulionekanaje, na hilo ndilo kitabu kinajibu. Barua iwe ukurasa mmoja, na aya ya kwanza ibebe tukio moja lenye tarehe. Langu lilikuwa la 23 Februari 1994, mzunguko mfupi (sehemu ya kwanza ya shindano) wa wanawake kwenye Olimpiki ya Lillehammer, Norwe, Wamarekani Nancy Kerrigan, aliyeshambuliwa mwezi uliotangulia, na Tonya Harding, ambaye watu wake walihusika na shambulio hilo, wakiwa kwenye orodha moja. Kituo cha televisheni cha CBS kilipata kiwango cha 48.5, yaani karibu nusu ya nyumba zenye televisheni nchini Marekani. Kisha sentensi inayowashtua wasomaji: yalikuwa matangazo yaliyorekodiwa. Norwe iko saa sita mbele ya New York, hivyo matokeo yalikuwa yameshajulikana kabla watu hawajawasha seti zao za jioni. Wapo watakaokuapia kwamba waliona mubashara. Waache wabishane, maana mabishano hayo yalisukuma kitabu kuliko tangazo lolote nililolipia.

Kwenye mazungumzo ya hadharani shida kubwa ni video. Picha za Olimpiki zina wenyewe, muziki una wenyewe wengine, na klipu ya sekunde kumi tu ukiipandisha mtandaoni inaweza kunyamazishwa au kuondolewa, na akaunti yako ikapewa onyo. Niliacha kabisa klipu nikatafuta vitu vya kushika mkononi. Kilichofanya kazi zaidi ni saa ya kupimia muda. Mwaka 1984 kwenye Olimpiki ya Sarajevo, Jayne Torvill na Christopher Dean, jozi ya Uingereza ya dansi ya barafuni, walikuwa na muziki wa Boléro wa Ravel uliofupishwa kadiri ilivyowezekana, bado ukawa dakika 4 na sekunde 28, wakati kanuni iliruhusu dakika 4 na sekunde 10. Lakini saa ya majaji ilianza kuhesabu pale chuma cha kiatu kinapogusa barafu kwa mwendo. Wakaanza wakiwa wamepiga magoti, na sekunde hizo 18 za ziada hazikuhesabiwa. Basi ninabonyeza saa, ninawaambia ukumbini wakae kimya sekunde 18, wasubiri. Sekunde 18 za ukimya ni ndefu mno! Wakishazihisi, huhitaji klipu kuwaeleza kwa nini Waingereza milioni 24 walibaki wamekodoa macho.

Picha za jalada nazo zina mtego. Leseni ya kutumia picha ndani ya kitabu haimaanishi unaruhusiwa kuiweka kwenye bango au kwenye mitandao ya kijamii. Wakala wa picha huuza kila matumizi kivyake. Omba kwa maandishi, tangu mwanzo, matumizi ya jalada, ya ndani na ya matangazo, pamoja na idadi ya nakala na muda. Ukirudi baadaye kuomba hayo ya matangazo, unaomba ukiwa umeshikwa pabaya.

Viwanja vya barafu sikuvitupa, ila nilijifunza pa kuweka meza. Watu hawanunui wakati wa mchezo. Hununua vitabu pale mashine inapolainisha barafu, robo saa hivi au pungufu, na wote huelekea msalani kwanza. Meza iwe kwenye njia ya kurudi, si mlangoni. Karatasi hunyonya unyevu, na jalada lililopakwa plastiki upande mmoja hujikunja kama jani kavu, kwa hiyo nilitoa nakala kumi kumi, nyingine zikibaki kwenye boksi lililofungwa. Boksi lililolala garini kwenye baridi lisifunguliwe papo hapo kwenye ukumbi wenye joto: litatoka jasho. Liache lizoee hewa. Kalamu ya wino mzito hugoma kwenye baridi, iweke mfuko wa ndani wa koti, na saini weka kwenye karatasi isiyong'aa. Kwenye inayong'aa wino unapakaa.

Utagundua pia kwamba mtu wa barafu hufungua kitabu kwa nyuma. Anatafuta jina la kocha wake kwenye faharasa. Nilipoona hivyo niliiweka faharasa nzima mtandaoni bure, na ikawa ukurasa unaotembelewa kuliko sura ya kwanza.

Kwa podikasti, mpe mwendeshaji maswali matano na namba za kurasa, na ufanye mazoezi ya kutamka Berezhnaya na Sikharulidze, majina ya jozi ya Urusi, kabla ya siku. Kashfa ya majaji kwenye Olimpiki ya Salt Lake City 2002 haikwepeki. Jibu la dakika moja linatosha: jozi hiyo ya Urusi ikapewa dhahabu, baada ya siku chache jozi ya Kanada nayo ikapewa, na mwaka 2004 mfumo wa zamani, ambao alama yake ya juu ilikuwa 6.0, ukaanza kuondolewa. Ukiwa na muda, rudi Olimpiki ya 1972 kwa Mmarekani Janet Lynn na Beatrix Schuba wa Austria: watazamaji waliona mchezo wa huru tu, ule wa kuteleza kwa muziki, hawakuiona michoro ya lazima, yaani kuchora maumbo kwenye barafu kwa kiatu, iliyompa Schuba dhahabu, wakahisi wameibiwa. Mzunguko mfupi ulianzishwa msimu uliofuata, na michoro ikaondoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 1990.

Mashabiki watakutumia masahihisho. Yafungulie faili moja, kila kosa na ukurasa wake, rekebisha kwanza toleo la kielektroniki, na la karatasi lisubiri uchapaji wa pili. Ubingwa wa Machi ukiisha, acha kulipia matangazo. Maboksi yaliyobaki yanahifadhika vizuri mahali pakavu hadi Oktoba.