Ndugu wa Tumbo Moja, Vyeti Viwili

Idi ya mwaka 2018 iliangukia Ijumaa ya tarehe 15 Juni, wiki chache tu baada ya uchaguzi wa 9 Mei ulioiondoa madarakani UMNO, chama kikuu cha Wamalay, pamoja na washirika wake, ambao walikuwa wakiitawala Malaysia tangu uhuru wa mwaka 1957. Wakati huo nilikuwa nikisoma Kuala Lumpur, na rafiki yangu wa chuoni alipojua kwamba sina pa kwenda kula sikukuu, alinichukua kwa basi hadi kwao, wilaya ya Batu Pahat katika jimbo la Johor. UMNO ilizaliwa Johor mwaka 1946, Wamalay walipojikusanya kuupinga mpango wa Waingereza wa kuziunganisha nchi zao chini ya Muungano wa Malaya, na serikali ya jimbo hilo haikuwahi kuwatoka mpaka uchaguzi ule. Njiani rafiki yangu alikwisha kunionya kwamba baba yake mkubwa, ambaye nyumba nzima humwita Pak Long, ni mwalimu mstaafu na mtu wa chama tangu ujana wake, na kwamba tangu siku ya matokeo alikuwa hataki kusikia utani.

Ukiuacha mji wa Batu Pahat na kuingia mashambani, vibao vya vijiji vingi huanza na neno Parit, yaani mfereji. Pwani ile ilikuwa kinamasi. Wajava waliovuka bahari mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20 waliichimba mifereji hiyo kwa majembe ili kuyatoa maji, wakapanda minazi na mipopoo, na mifereji mingi ikabaki na majina ya wakubwa wa waliochimba. Wengine walifika kwa deni, kwa sababu mawakala wa Singapore waliwakopesha nauli ya meli ya kwenda Hija, na waliporudi kutoka Makka walitumikia mashamba ya Malaya mpaka nauli ile imalizike kulipwa. Babu yake Pak Long, mtu wa Ponorogo huko Java, alikuwa mmoja wa mahujaji hao wa mkopo. Deni lilipokwisha hakurudi tena Java.

Baada ya sala na ziara ya makaburini tuliingia ndani kumwamkia mama yake Pak Long, bibi kizee aliyeketi kwenye kiti cha mianzi, ambaye wote tulimwita Mbah. Kila mmoja alipiga magoti mbele yake, akambusu mikono na kumwomba radhi kwa makosa ya mwaka mzima, wakubwa wakitangulia. Kisha chakula kikaletwa. Kilikuwa nasi ambeng, chakula cha Wajava wa Johor, kikiwa kimepakuliwa kwenye masinia ya watu wanne wanne: mlima wa wali katikati, na kuuzunguka kuna kuku wa mchuzi mzito, tambi za kukaanga, samaki wa chumvi, nazi iliyokaangwa kwa viungo mpaka ikawa kahawia, na vipande vya tempe, ile soya iliyochachushwa na kugandishwa, ambayo nilizoea kuila mjini lakini ya pale ilikuwa na ladha nyingine kabisa. Mzanzibari hahitaji kufundishwa kula sinia, na Mbah alipoona nakula upande wangu bila kuvuka mpaka wa jirani, alisema jambo kwa Kijava lililowachekesha wote. Rafiki yangu alinieleza kwamba nimesifiwa malezi.

Ugomvi ulianza kwa habari ya nyumba. Binamu wa rafiki yangu, mhandisi kijana anayefanya kazi Johor Bahru, alikuwa akitafuta nyumba ya kununua, na Pak Long akamwambia afanye haraka, maana serikali mpya itafuta haki za Wamalay, na punguzo la bei ya nyumba litakuwa la kwanza kufutwa. Kijana akajibu, mkono ukiwa bado kwenye sinia, "Wamalay gani, Pak Long? Sisi ni Wajava."

Msomaji wa kwetu anaweza kudhani kwamba kijana alisema jambo dogo. Katiba ya Malaysia, katika kifungu cha 160, inamfafanua Mmalay kuwa mtu anayefuata dini ya Kiislamu, anayesema Kimalay kwa kawaida yake, anayeshika mila za Kimalay, na ambaye yeye au mzazi wake alizaliwa katika Shirikisho la Malaya au Singapore kabla ya Siku ya Uhuru, au alikuwa na makazi huko siku hiyo. Na kizazi chake humfuata. Damu haikutajwa popote. Kwa mlango huo Mjava, Mbugis, Mbanjar, Mminangkabau na Mwaceh, watu wa visiwa vya Indonesia ya leo, wote waliingia, na kifungu cha 153 kikawapa, pamoja na wenyeji wa Sabah na Sarawak, nafasi za upendeleo katika utumishi wa serikali, masomo na leseni za biashara. Baada ya ghasia za kikabila za 13 Mei 1969 upendeleo huo ulipanuliwa kwa Sera Mpya ya Uchumi ya mwaka 1971, iliyolenga kuufikisha umiliki wa Wamalay na wenyeji hao katika kampuni kwenye asilimia 30, wakati ambapo mwaka 1970 ulikuwa asilimia 2.4 tu. Mtu anaposema mbele ya baba yake mkubwa "sisi ni Wajava", anagusa shule aliyosomeshwa, akiba yake ya benki na nyumba anayotaka kuinunua.

Pak Long hakupaza sauti. Alinawa mikono, akaingia chumbani, akarudi na bati la biskuti lililoshika kutu pembeni, na ndani yake mlikuwa na karatasi za ukoo mzima zilizofungwa kwa mpira. Akatoa vyeti viwili vya kuzaliwa na kuviweka kwenye mkeka. Cha kwanza kilikuwa chake, na mahali pa asili palipigwa taipu Jawa, herufi ya kwanza ikiwa imezama kwenye karatasi hadi karibu kuitoboa. Cha pili kilikuwa cha mdogo wake, yaani baba wa rafiki yangu, na mahali hapo hapo paliandikwa Melayu. Mama mmoja, baba mmoja, nyumba moja, na, kama Mbah alivyosisitiza, hata mkunga alikuwa yule yule. Nadhani Pak Long alikusudia kuonyesha kwamba taifa lilikua, na kwamba watu walioandikwa Wajava katika mwanzo wa maisha yao waliinuliwa wakawa Wamalay kwa hesabu na heshima. Kijana alivisoma vyeti vile kwa namna nyingine, akasema ni ushahidi kwamba mambo haya hupangwa mezani kwa karani.

Mbah ndiye aliyewakata kauli wote. Alisema kwamba mtoto wa kwanza aliandikishwa na mumewe, ambaye alijibu kila aliloulizwa kama lilivyo, na wa pili aliandikishwa na mkuu wa kijiji, ambaye siku hiyo alikuwa anakwenda mjini kwa shughuli zake na akabeba majina ya watoto wachanga wa mfereji mzima. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Sijawahi kusikia historia ya taifa ikielezwa kwa maneno machache kuliko hayo.

Hata hivyo Pak Long hakuwa mjinga, wala hakuwa mtu wa kukana kwao. Aliwataja wakubwa wa siasa kwa nasaba zao bila kutazama popote: Ahmad Zahid Hamidi, aliyekuwa akigombea uongozi wa UMNO mwezi ule ule, ni wa asili ya Kijava, Muhyiddin Yassin wa Muar, jirani yao, ambaye mwaka 2010 alisema yeye ni Mmalay kwanza, ana baba wa asili ya Kibugis na mama wa Kijava, na Mahathir mwenyewe, waziri mkuu mpya wa wakati huo, kwa upande wa baba, ukoo wake unarudi Kerala, India. Kwake yeye huo ndio ulikuwa uzuri wa Umalay, kwamba unapokea watu. Na alipogeukia ngoma ya barongan, ambayo wazee wa wilaya ile walikuja nayo kutoka Java na kuicheza kwenye harusi, alizungumza kama Mjava wa Ponorogo kabisa. Mwaka 2007 Malaysia ilipoitumia ngoma hiyo kujitangaza kwa watalii, Waindonesia waliandamana mbele ya ubalozi wake Jakarta wakidai kwamba reog yao, kama ngoma hiyo inavyoitwa Ponorogo, imeibwa. "Walitaka babu aiache ngoma forodhani?" aliuliza, na safari hii hata mpwa wake alikubaliana naye. Huo ni upande wa ugomvi wa urithi baina ya nchi hizo mbili ambao magazeti huuruka: mara nyingi anayeshutumiwa kuiba ni mjukuu wa mwenye mali.

Kisha akanigeukia mimi. "Na ninyi, mwanangu, huko kwenu mliandikwa nini?" Nikamwambia habari za bibi yangu wa Makunduchi, aliyekuwa akitusimulia kwamba wakati wa Vita vya Pili vya Dunia chakula cha mgao Unguja kiligawiwa kwa kufuata asili ya mtu, kwamba aliyeandikwa Mwafrika hakuwa na haki ya mchele sawa na aliyeandikwa Mwarabu au Mhindi, na kwamba hapo ndipo watu wengi walipokumbuka kwa haraka kwamba mababu zao walitoka Shiraz. Nikamweleza kwamba mwaka 1957, mwaka wao wa uhuru, Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi ziliungana kuunda Afro-Shirazi Party, ila Pemba wengi walisita. Na kwamba baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jumuiya za kikabila zilipigwa marufuku, na nasaba zilizokuwa fahari zikawa za kunong'onwa. Pak Long alisikiliza kwa makini ya mwalimu. Mbah, baada ya kutafsiriwa yote hayo, alikuwa na swali moja tu, kama bibi yangu aliupata mchele. Nikasema aliupata. "Basi aliandikwa vizuri," akasema.

Kijana hakuridhika. Alisema kwamba mwenzake wa kazini, Mchina wa Batu Pahat hii hii, babu yake alifika kwa bahari ile ile katika miaka ile ile, akafanya kazi kwenye tope lile lile, lakini mjukuu hana punguzo. Pak Long akajibu kwamba babu huyo alikuwa na duka wakati wao wana jembe. Wote wawili walikuwa na hoja, na mimi sikuwa na haki ya kuamua katika nyumba niliyolishwa.

Wakati huo akaingia mgeni wa Idi, mzee wa Kichina mwenye duka la njia panda, amebeba katoni ya soda begani. Alimwamkia Mbah kwa Kijava cha adabu, kile cha kuwasemesha wakubwa, ambacho mhandisi wetu hakijui. Pak Long akamkaribisha kwenye mkeka na kututangazia kwamba mzee huyu anasema Kimalay kila siku, anajua Kijava kuliko watoto wa nyumba, anakula tempe kuliko sisi sote, na kwa mujibu wa Katiba amepungukiwa na jambo moja tu. Mzee akajibu bila kufikiri, "Kila Idi unaniambia hivyo, Mwalimu, nami kila Idi nakwambia kwamba kwa umri huu siendi jandoni."

Walicheka mpaka Mbah akashika ubavu. Kijana akangoja kicheko kipoe, akamuuliza mzee kama mwanawe alikwisha kununua ile nyumba ya Johor Bahru. Mzee akasema amenunua, kwa bei kamili. Pak Long akafungua mdomo, Mbah akamtangulia, mwenye duka naye akaingia kati, na mjadala ukaanza upya, safari hii wote wakisema Kijava, kwa kasi ambayo rafiki yangu aliijaribu kwa muda kisha akachoka kunitafsiria.